Kijiji Kilichokipenda King'ora

Nyuma ya Jengo la Tianxiu,
Xiaobei, Guangzhou,
China.

9 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Nipe kwanza hali yako. Goti limekuachia kidogo, au bado linakugomea ukipanda ngazi? Mumeo Othman amepona ile homa? Na Hasna nasikia amejifungua salama, lakini aliyeniletea habari hakujua mtoto amepewa jina gani, basi niandikie. Mimi mzima, ila kifua, na kifua changu unakijua tangu utotoni. Swalha mwanao naye mzima wa afya. Hilo nimeliweka juu kabisa kwa sababu najua macho yako yameshaanza kuruka mistari kutafuta jina lake.

Huu ndio msimu ambao kuta za huku hutoa jasho. Upepo wa kusini unaleta unyevu wa bahari, sakafu inalowa bila mtu kumwaga maji, nguo zinakaa kambani humu ndani hata zikasahau zilifuliwa lini. Vitabu vyangu vinanuka uyoga. Nikisimama dirishani naliona jengo la jirani nusu tu, nusu nyingine imemezwa na ukungu, na watu chini wanapita kama waendao usingizini. Hali ya hewa kama hii hunichanganya. Mara nyingine naamka nikisikiliza ufagio wa mama uani kwetu, Unguja, na nalala hivyo nikingoja uufikie ukuta wa kisima, mpaka muuza mboga anadi kwa Kikantoni ndipo nikumbuke kuwa mimi ni mzee, na mama hayupo.

Barua hii anakuletea Dullah, yule kijana wa Kikwajuni anayenunua jinzi Xintang. Kontena lake limeshajaa, yeye mwenyewe anapanda ndege kesho. Huku wenye maduka wanaitwa laoban, yaani bosi, naye mimi ananiita laoban wa vitabu, kisha anacheka peke yake. Mpe chai. Ni mtu mwema.

Sasa habari yenyewe. Uliniandikia kuwa umeshapaka chokaa chumba cha juu na umewaambia watu kuwa Swalha atakuwa nyumbani kabla ya Iddi Kubwa. Hatakuwa. Usishtuke. Hajaugua, hajafukuzwa, wala hajaolewa na Mchina. Amebaki kwa hiari yake, nami nilikuwapo alipoamua, tena maneno yake yalipita kinywani mwangu. Ndiyo maana naona ni haki nikueleze mimi.

Unajua kuwa baada ya kumaliza chuo huko nyumbani aliletwa huku, akawekwa mwaka mzima kwenye kile kinu cha umeme wa nyuklia kilichoko pwani, mwendo wa saa kadhaa kwa basi kutoka hapa. Ni majengo meupe ya mviringo, yamekaa ufukweni kama mabakuli yaliyofunikwa. Humo mna moto usio na moshi, na kwa sababu hauna moshi ndiyo maana wanaoishi jirani lazima wafundishwe la kufanya siku ukitoroka. Kinu kina idara yake ya mafunzo ya dharura. Juu ya idara hiyo ipo ofisi ya serikali inayokuja kutazama kama mafunzo hayo ni mafunzo kweli. Ofisi hiyo ndiyo inayonipa mimi karatasi za kutafsiri.

Swalha alikabidhiwa kijiji kilicho chini ya kilima, nyuma ya kinu. Mwisho wa mwaka wake huo wa mafunzo angepewa cheti cha ukufunzi, na kwa cheti hicho kuna nafasi yake kwenye ofisi ya mionzi huko nyumbani. Wamekubali kumwekea nafasi hiyo mpaka katikati ya mwaka huu. Ikipita hapo, watampa mwingine. Haya unayajua, lakini nayarudia ili uone alichokiweka mezani.

Somo lenyewe ni jepesi. King'ora kikilia, ingia ndani, funga madirisha, washa redio, usitoke mpaka utangaziwe. Kuna na vidonge vya madini joto vya kukinga tezi ya shingo, ila siku za mazoezi watu hupewa peremende za tangawizi mahali pake. Swalha alilifundisha somo hilo jikoni, kwenye mashamba ya chaza, chini ya miti ya matunda, kwa Kikantoni chake alichookota humo humo kijijini. Watu walilishika.

Mkuu wa idara ya mafunzo anaitwa Bwana Liang. Ni mtu wa moyo mzuri, mwenye kope nzito kama za mtu aliyekatizwa usingizi. Zamani mazoezi yake yalikuwa hayana watu. Kila mtu yuko na chaza wake. Na ofisi ya juu ilipokuja ilikuwa ikihesabu waliojitokeza. Basi akaona njia. Siku ya zoezi ikawa inatangazwa wiki moja kabla kwa kipaza sauti, na zoezi likiisha, kila aliyefika kwenye uwanja wa skuli anapewa taulo na kipande cha sabuni. Watu wakaongezeka. Ofisi ikamsifu kwa maandishi, na sifa hizo nilizitafsiri mimi kwa maneno mazuri.

Mwezi uliopita kaja mkaguzi mkuu mpya, Bi Ouyang, mwanamke wa makamo asiyependa maneno. Kaja asubuhi bila taarifa, nami nikiwa nyuma yake na mwavuli. Kabla hata ya chai akasema king'ora kipigwe.

Bwana Liang akasema, "Lakini watu hawajaambiwa."

"Kinu nacho hakitawaambia," akajibu.

Tulisimama kilimani. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni kama maziwa kwenye sinia. King'ora kikalia, sauti ndefu yenye kupanda na kushuka, kama ng'ombe mkubwa anayemlilia ndama wake, na kwa kitambo hakuna kilichojibu. Kisha, Mwanakhamis, milango ikafunguliwa. Mmoja, mwingine, yote. Watu wakatoka. Walikuwa na vikapu, walikuwa wakicheka, mabibi wamevaa koti zao za kutokea, wanawake wamefunga watoto mgongoni. Wakaingia barabarani kuelekea skuli, na skuli ile iko baina ya kijiji na kinu. Kutoka pale juu sikuona miguu yao. Niliona vichwa na miavuli ya rangi ikielea polepole juu ya weupe ule, kama harusi iliyopotea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Ilikuwa nzuri kutazama. Kisha nikakumbuka wanaelekea wapi.

Tuliteremka, tukamkuta Swalha langoni pa skuli. Mbele ya foleni alikuwapo Bibi Mo, ajuza ambaye Swalha amepanga chumba kwake na ambaye humwita "binti yangu wa mbali". Mgongoni alikuwa na mtoto.

"Bibi, huyu mtoto wa nani?" Swalha akamwuliza.

"Wa jirani. Kwani yeye haogi? Hahitaji taulo?"

"Nilikufundisha nini king'ora kikilia?"

"Ndani, madirisha, redio." Alisema bila kuvuta pumzi, kama mwanachuoni anayesoma kwa moyo. "Yote nayajua. Lakini hayo ni ya siku ya hatari. Leo siku ya taulo."

Mwanamume mmoja nyuma yake akadakia, "Mwalimu, safari hii tupeni rangi nyingine. Nyumba yangu nzima imekuwa ya waridi, hata mbwa." Foleni ikaangua kicheko.

Swalha hakucheka. "Na siku ya hatari, Bibi, utaijuaje?"

Bibi Mo akafikiri. Alifikiri kweli, si kwa ubishi. "Si mtatutangazia wiki moja kabla," akasema, "kama kawaida yenu?"

Nilimtafsiria Bi Ouyang, maana yeye mtu wa kaskazini, Kikantoni cha vijijini hakimwingii. Akaitikia kwa kichwa tu. Bwana Liang alikuwa akizitazama ncha za viatu vyake.

Alasiri tulikaa kwenye ukumbi wa kinu. Bi Ouyang akasema kosa ni la utaratibu, si la mwanafunzi. Mpango wa taulo aliukuta, somo amelifundisha lote, watu wanalijua kwa ghibu. Kwa hiyo ofisi iko tayari kumpa Swalha cheti chake wiki ile ile, na suala la kijiji litabaki baina ya ofisi na kinu. Akamwuliza kama anaridhia.

Kichina cha Swalha ni cha jikoni na sokoni, hakikutengenezwa kwa kumbi kama ule, na taratibu zinamruhusu mgeni ajibu kwa lugha yake. Akanigeukia. "Mjomba," akasema, "waambie nashukuru sana. Lakini cheti hicho kitasema nimewaandaa watu, na watu nimewaona kwa macho yangu wakiufuata moto. Sikichukui mpaka nione wamebaki ndani. Na taulo zisitolewe tena, hata kama hatakuja mtu."

Ukumbini humo hakuna mwingine aliyefahamu hata neno moja. Wote wakaningoja mimi.

Ndugu yangu, nitakuambia lililonipitia. Niliiona nafasi yake ya kazi ikiondoka. Nilikuona wewe uwanja wa ndege umesimama na buibui lako, unachungulia kila anayetoka. Ningeweza kuyalainisha maneno yale, nikasema binti anaomba muda wa kufikiri. Angenisikia, kwani kiasi hicho cha Kichina anacho, lakini asingenipinga. Umemlea wewe, hamkanushi mjomba wake mbele ya watu. Jambo lingeahirishwa, halafu usiku tungemshika mimi na wewe kwa barua na simu mpaka alegee. Kisha niliyasema kama alivyoyasema, mstari kwa mstari, na la taulo sikuliacha.

Bi Ouyang akafunika kikombe chake. "Basi abaki," akasema.

Njiani nilimwuliza kama amefikiri juu ya kazi ya nyumbani. Akaniambia, "Mjomba, huko kwetu nitakwenda kuwafundisha watu ambao hata king'ora hawana. Watakuwa na neno langu tu." Halafu akaegemeza kichwa kwenye kioo cha basi na kulia, kimya kimya. Alilia kwa ajili yako na kwa ajili ya Iddi. Sikufichi hilo.

Taulo zimekoma. Mkutano wa kwanza baada ya hapo alikuja Bibi Mo na wenzake wachache, nao walikuja kugomba. Sasa Swalha anaingia nyumba moja moja, anapuliza filimbi, kisha anafunga madirisha pamoja na wenyewe, wanakaa gizani wakisikiliza redio. Bwana Liang humfuata amebeba betri za redio. Hakuambiwa na mtu. Vijana wanamwita Swalha mwalimu mkavu, maana haji na kitu mkononi. Yeye anasema wakimwita hivyo angalau wamemfungulia dirisha, halafu anawaambia walifunge.

Na sasa lile swali lako, atarudi lini. Ofisi itapiga king'ora tena, na siku hiyo anaijua Bi Ouyang peke yake. Mimi natafsiri karatasi zake, na hiyo hanipi. Huenda ikawa kabla ya katikati ya mwaka, huenda ikawa baada, na ikiwa baada, nafasi ya kazi itakuwa imekwenda. Swalha analijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo siwezi kukupa tarehe. Sikufichi kitu: tarehe ikijulikana, zoezi limekufa. Nakuomba usimwandikie kumhimiza. Mwandikie habari za mtaani, nani kaoa, nani kanuna, mvua za masika zimeanzaje. Hizo ndizo anazozisoma mara mbili.

Nilimwuliza atajuaje kuwa wamefuzu. Akasema siku hiyo atapita kijijini peke yake baada ya king'ora, aende mpaka mlangoni kwa Bibi Mo, abishe hodi, amwite kwa jina. Anataka amsikie yule ajuza ndani, na asifunguliwe.

Nisalimie Othman, umwambie aache kuvuta. Nisalimie Hasna na mwanawe, na mama wa Othman ikiwa bado anakumbuka jina langu. Wape salamu jirani zetu wa zamani waliobaki, na waliotangulia uwasomee Fatiha kwa niaba yangu, maana nimekaa mbali na makaburi yao.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe subira isiyo na uchungu. Na ajaalie mlango ule wa huku ukatae kufunguka, ili wako ufunguke.

Mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa huwezi kutembea,

Hafidh