Mama Alininusa Mdomo

Jumamosi, Ruiru

Na sikuonja hata tone. Leo kwa ruracio ya dada yangu, sherehe ya kuletewa mahari, kule Theta, wazee walipitisha pembe ya muratina, ikanifikia. Nikampa mjomba. "Hata kuonja tu?" akauliza. Nikamwambia pombe na dawa zangu za bipolar, huu ugonjwa wa kupandwa na furaha kupita kiasi kisha kuzama, haziendi pamoja.

Baadaye akina mama wakaanza kuimba, nikainuka kucheza nao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mama akanivuta nyuma ya tenti, akaninusa mdomo kama zamani. Hakupata harufu yoyote. Nikadhani atafurahi.

Macho yakamjaa machozi. "Kumbe ni ugonjwa umerudi?"

Nilikuwa tu na furaha, Mama.

Sikumwambia hivyo. Nilirudi kwa kiti, nikanyamaza. Hapo ndipo alipotulia.