Steringi Hachoki

Tarime Mjini
4 Machi 2024

Kwa dada yangu Regina,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima, shemeji pia, na mwanao Rhobi ameshapona kikohozi. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kuinamia cherehani. Sare za shule ni nyingi. Nakuandikia kama tulivyozoea, maana simu yako kila nikipiga anapokea shemeji.

Mama Nice, mwenye duka, ameleta TV. Basi kutwa tunashona huku tukiangalia picha za Kihindi, zile zinazotafsiriwa na yule jamaa mwenye sauti ya kukoroma. Juzi steringi alimpenda binti asiyemtaka. Akamfuata chuoni, akamfuata kwenye harusi ya watu, akapanda naye treni. Kila binti akigeuka, huyu hapa, anaimba. Mwisho binti analia na kumkimbilia. Mama Nice alilia mpaka akaunguza kola kwa pasi. Wateja wakasema huyo ndiye mwanaume. Mimi nikasema ningekuwa yule binti ningeenda polisi. Walinicheka, dada! Mmoja akasema moyo wangu umeshonwa kwa uzi wa gunia.

Sasa hapa kuna Jackson, mwendesha bodaboda. Anaegesha pikipiki mlangoni kwetu, anatupigia nyimbo zile kwenye simu yake. Nimemwambia simtaki. Akacheka: "Hata yule alianza kwa kukataa."

Mdogo wako,
Elieth


Kenyamonta
19 Machi 2024

Mdogo wangu Elieth,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa konda, asante. Sisi wazima, Rhobi anacheza. Mahindi yametoka vizuri kama nyani watatuachia. Mgongo wako ukandwe maji ya moto, usipuuze.

Umenitamanisha. Huku naangalia Jumapili tu, kwa jirani mwenye sola, na betri huisha kabla hawajaoana. Lakini kwa yule binti sikubaliani na wewe. Anakataa ili aone kama mwanaume atachoka. Steringi hachoki, ndio uzuri wake. Shemeji yako hakunifuata hata siku moja. Ng'ombe wa mahari walifika kwa baba, tata akawapokea, nami nikafika huku. Mpaka leo hajaniuliza napenda nini. Nikiona mtu analowa mvua kwa ajili ya mwanamke, Elieth, nasahau hata chungu jikoni.

Na huyo Jackson wako alifika hapa! Alileta abiria, akauliza nyumba mpaka akaipata. Alikuja na sukari na gauni la Rhobi. Ana adabu. Akaniambia, "Dada, mdogo wako ananitesa." Nikamjibu, "Mura, kijana wangu, usichoke." Mpe nafasi mtoto wa watu.

Dada yako,
Regina


Tarime Mjini
2 Aprili 2024

Dada Regina,

Shikamoo. Nyumbani hamjambo? Mimi mwili ni mzima, lakini sina amani.

Jackson amerudi kutoka kwako akiwa mtu mwingine. Anasema ukoo umeshamkubali. Alisimama kwenye mvua mbele ya chumba changu tangu alfajiri, majirani wakampigia makofi. Nilipotoka kwenda kazini akanikamata mkono. Simu yangu ameipiga chini kwa sababu mteja wa kiume alinitania. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia, "Binti, kijana anakupenda, unataka nini tena?"

Dada, siku moja ukiangalia zile picha usimwangalie steringi. Mwangalie binti anapofuatwa. Angalia anavyoshika mkoba wake. Sisi tunasikia wimbo tu, yeye anatafuta pa kupita.

Ni kweli ulimwambia asichoke? Nataka nije kwako nikae kidogo. Nijibu upesi.

Mdogo wako,
Elieth


Kenyamonta
27 Aprili 2024

Elieth, mdogo wangu,

Salamu nitakupa tukionana. Barua yako nimeipokea leo hii. Mvua ilikata daraja, magari hayakupita tangu Pasaka mpaka leo, na konda alikuwa nayo mfukoni muda wote huo.

Ndiyo, nilimwambia hivyo. Sikujua. Njoo. Shemeji yako amenuna lakini amekubali. Panda gari la kwanza, usimuage mtu, hata Mama Nice. Nitakuwa barabarani nakusubiri, na kesho pia, na keshokutwa.

Dada yako,
Regina


Hospitalini, Mwanza
14 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Huu si mwandiko wangu. Anayeandika ni nesi Sarah, mimi nasema.

Barua yako Mama Nice ameniletea hapa. Ilifika nikiwa nimeshalazwa. Jackson aliingia dukani mchana na panga. TV ilikuwa inaimba, hakuna aliyemsikia. Aliuliza, "Nimekosa nini? Kipi sijakufanyia?" Nikamwambia hajakosa kitu, mimi tu simtaki. Nikakinga kwa mkono. Vidole vya kulia vimebaki viwili, gumba na kidogo. Kichwani nina nyuzi nyingi. Daktari anasema nitaona kwa macho yote mawili, nishukuru. Nashukuru.

Tata alikuja. Hakukaa. Anasema wazee wa pande zote watakutana nyumbani kwake Nyarero, ng'ombe watatolewa, mambo yaishie nyumbani. Wanasema nilimpa matumaini, ndiyo maana akafika mpaka kwa dada yangu akapokelewa. Watu wa polisi wanataka mtu wa kueleza.

Wewe unajua nilikataa. Nenda kaseme.

Elieth


Tarime Mjini
30 Mei 2024

Mdogo wangu,

Unaendeleaje na maumivu? Unakula? Mwambie Sarah nimemshukuru.

Nimekwenda. Wazee walikuwa wamekaa uani kwa tata, ng'ombe wa watu wa Jackson wameshaingizwa zizini. Niliposimama tata akasema, "Regina, wanawake wako jikoni." Nikasema sitakwenda. Nikawaambia Elieth alikataa tangu siku ya kwanza, aliniandikia, nami ndiye niliyempa huyu kijana maneno ya kumtia moyo. Baba yake Jackson akaniuliza, "Kwa nini ulimwambia hivyo?" Ningewaambia nini? Kwamba nilitaka kuona mtu akipendwa?

Tata hakunitazama. Mume wangu aliondoka bila mimi, akaniachia ujumbe kwamba nisirudi Kenyamonta, na Rhobi abaki kwake. Nimemlilia Rhobi mpaka sauti imekauka. Lakini kutoka pale nilipanda pikipiki hadi Tarime, nikaandikisha maelezo polisi, nikaweka sahihi. Ng'ombe wamerudishwa. Jackson yuko mahabusu. Wamesema nitaitwa mahakamani, na nitakwenda.

Nalala kwa Mama Nice, chini ya meza ya kukatia vitambaa. TV ameizima, hajaiwasha tena. Sijui kama ninaruhusiwa kuja huko. Sitakuja mpaka uniite.

Dada yako,
Regina


Mwanza
9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo.

Nimejaribu kwa mkono wa kushoto, usicheke mwandiko. Barua yako Sarah alinisomea, nikamwambia airudie, halafu nikageukia ukutani siku nzima.

Kukusamehe bado. Sitakudanganya. Kuna asubuhi nakuchukia kuliko yeye, kwa sababu kwake sikutarajia lolote. Na kuna asubuhi namfikiria Rhobi anakuulizia.

Nikitoka hapa sijui nitashona na nini.

Nywele zangu upande ambao haukunyolewa zimeshikana na damu. Manesi wanaogopa kuzigusa na mimi siwezi. Wiki hii wanataka kuzinyoa zote. Nimewaambia wasubiri.

Njoo na kitana. Usiongee ukifika, zichambue tu.

Mdogo wako,
Elieth