Mlango Wangu Hauna Swichi

Utemini, Singida

Dada Zuhura,

Shikamoo dada. Mguu wa mama unaendeleaje, ameanza kutembea bila kushikwa? Mimi na watoto tu wazima wa mwili. Moyo ndio unanisumbua, na huku sina wa kumwambia, maana majirani zangu wote ni ndugu wa mume wangu.

Unalikumbuka gari la Shabani, lile la mtumba kutoka Dubai tulilokuja nalo kwenye msiba wa baba. Vioo vyake vilikuwa vya kuzungusha kwa mkono. Mwezi uliopita akaamka na wazo la kuweka vya umeme, eti vumbi linamuua. Dada, Shabani kazaliwa humu humu vumbini, leo ndiyo limuue?

Fundi akaleta mota za gari lililopata ajali, akang'oa mikono ya kuzungushia, akapitisha nyaya milangoni. Alipomaliza nikaona swichi zote ziko kwa dereva. Nikamuuliza yangu iko wapi. Akamtazama Shabani kwanza, ndipo akanijibu kwamba nyaya zilikuwa fupi. Nyaya zimefika kwenye mota ya mlango wangu, zikashindwa kufika kwenye swichi? Mimi si fundi, lakini si mjinga. Tangu siku hiyo mwanamke yeyote akisogea kunisalimia, kioo changu kinapanda.

Juzi alikuwa anakwenda Kintinku kununua mtama, nikang'ang'ania kufuatana naye. Alisita, akakubali, akanipakatisha furushi la khanga, akasema ni za mke wa mkulima anayemuuzia mtama. Tulipofika akapandisha vioo, akachomoa ufunguo, akaniambia nisishuke. Bila ufunguo vioo havishuki. Jua lile, dada, nilidhani naiva.

Akaja bibi mmoja aliyelitambua gari la Shabani, akagonga kioo. Sasa mtu mzima nitamwamkia nyuma ya kioo? Nikafungua mlango, nikashuka na furushi langu, nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akaziangalia zile khanga, akanishika mkono.

"Umefanya vizuri kuja mwenyewe, mwanangu. Mke mwenzio kajifungua salama, mtoto wa kiume. Wengine wakiambiwa hununa, wewe umeleta na zawadi."

Alidhani nimeambiwa, maana kwa desturi mke mkubwa huambiwa kwanza. Mwaka mzima nimekuwa nikihisi, lakini kuhisi si kujua. Inauma, dada, inauma sana. Nikampa lile furushi, nikamwambia amfikishie mzazi, na aseme zimetoka kwangu, mke wa Shabani wa Utemini. Kisha nikarudi garini, nikafunga mlango.

Shabani aliporudi alitazama mapajani pangu, akatazama na chini ya kiti. Kutoka Kintinku hadi nyumbani hakuuliza khanga ziko wapi.

Nisalimie mama, ila barua hii usimsomee. Msalimie na somo yangu aliyenifunda. Mwambie alinifundisha kunyamaza, na nimenyamaza vya kutosha. Kaka yetu wa duka la baiskeli mpe salamu zake, halafu muulize kama kile chumba cha nyuma kina mpangaji. Sijasema nakuja. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Mwanahawa