Maelezo Niliyomwandikia Mshauri

Naguru, Jumapili

Victoire mke wangu,

Wasalimie wote huko kwenu Butembo. Maharage uliyopanda nyuma ya nyumba yamefika dirishani, na jirani yetu Mama Aol amerudisha sufuria yako.

Nimeanza kumwandikia yule mshauri wa wafiwa kwa simu, kama ulivyotaka. Hatuonani wala hatuongei. Ni kuandikiana tu. Siku ya kwanza nilimwandikia kama ninavyoandika maelezo kituoni pale polisi: “Tarehe tisa, saa kumi jioni, mtoto wa kiume, miaka minne, alifariki kwa malaria.” Akajibu kwa swali moja: “Mtoto huyo ni wa nani?”

Niliifungia simu sandukuni siku tatu. Unanijua, ningeacha. Lakini jana niliketi kitandani nikaandika: “Ni wangu.” Baada ya hapo vidole havikusimama mpaka chaji ikaisha.

Kesho naendelea, hata polisi wenzangu wa kambini wakinicheka. Najua kilichokuondoa hapa. Tangu tumzike, nimemkataza kila mtu kuniita kwa jina lake, hata wewe uliyemzaa. Nilikosea. Ukinijibu barua hii, niite tena.

Ni mimi,
Baba Santo