Mpe Jilo Ule Wimbo

Madogo, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu na ya mjukuu wako, ambaye hajajua kusema ila anakupungia mkono hewani. Goti linaendeleaje? Na mpunga, ndege wamewaachia kitu? Sisi tu wazima, ila Komora anaota meno ya juu na ananing'ata akinyonya. Dukani nasinzia nikikunja vitambaa.

Mdogo wangu Neema ameniambia mambo ya kile kikaratasi. Nilicheka, halafu nikalia. Katika barua iliyopita nilibandika kile kimraba cha QR chenye madoadoa, nikamwambia akiskani kwa simu yake atapata video ya Komora akitambaa. Kumbe aliskani mpaka chaji ikaisha, hakuna kitu. Nawe Mama ukakipeleka kanisani ukawaonyesha wenzako: "Huyu ndiye mjukuu wangu." Mama Dhadho akakigeuza huku na huku, akasema, "Mbona ana surua?" Wakacheka. Ukarudi nyumbani, ukamwambia Neema, "Rehema ananificha mtoto."

Sikufichi, Mama. Ni kutojua. Hapa dukani mteja akitaka picha za madera mapya, nafungua kimraba kwenye simu yangu, anakiskani kwa yake, picha zinaingia bila bando. Nikadhani hata kwenye karatasi kitafanya hivyo. Mama Halima, mwenye duka, aliposikia alishika mbavu. "Wewe Rehema! Hiyo kitu ni kama kusalimiana mkono. Nani anapeana mkono kwa barua?" Simu mbili lazima ziwe karibu.

Ndiyo maana barua hii anaileta Jilo, mtoto wa mjomba, ambaye sasa ni taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la vitunguu. Jana alisimama mlangoni hapa, akaskani simu yangu, na Komora akavuka kwenda kwenye simu yake. "Ameingia mzima mzima, hata na kamasi!" akasema. Akifika huko Chara, yeye ndiye atakayefungua kimraba na Neema askani. Mtandao, ambao huko ni wa shida, hauhitajiki. Kaa utazame mpaka uchoke.

Sasa lile jambo lako. Umesema nimlete umwachishe ziwa, kama sisi sote tulivyopelekwa kwa Bibi. Mama, simleti. Usikasirike kwanza. Wewe mwenyewe husimulia kwamba niliporudi kutoka kwa Bibi nilikuita shangazi, na kila ukisimulia unacheka. Mimi sitaweza kucheka. Kutwa nzima niko dukani, ananiona asubuhi na jioni tu. Nikimkosesha hata nyakati hizo mbili, nitabaki nani kwake? Mimi na baba yake tumekubaliana, atakuja kukuona mvua zikiisha, akiwa mgongoni kwangu, na tutarudi naye.

Lakini siwezi kumwachisha peke yangu. Akilia nashindwa kumtuliza. Kuna ule wimbo ulionitungia, uliokuwa ukiniimbia huku ukipepeta mpunga. Nimejaribu kumwimbia, maneno yananipotea katikati. Hapa anasikia Kisomali na Kiswahili, Kipokomo chetu anakipata kwangu tu, tena nikiwa nimechoka. Basi uimbe wote, Neema arekodi, halafu Jilo askani simu ya Neema kabla hajaondoka. Usimwache aondoke mikono mitupu. Nitamwachisha hapa, lakini sauti iwe yako.

Nisalimie Neema mdogo wangu, na mjomba, umwambie Jilo anakula vizuri. Mama Dhadho jirani yetu mwambie surua imepona.

Na Mama, ukifika pale penye jina langu, weka la Komora. Najua ni jina la marehemu Baba na huenda sauti ikakukwama. Usianze upya. Mwache asikie hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao asiyekuficha kitu,
Rehema