Ombi Kwako Nafula, Uje Ndotoni

Sio Port, mwanzo wa kiangazi

Mke wangu mpendwa Nafula,

Kwa heshima na mapenzi yasiyopungua, ninachukua kalamu kukujulisha kwamba mimi mumeo nimeteremka tena kutoka Marachi, na ninakuandikia nikiwa ndani ya nyumba yetu ya ziwani. Mwili wangu ni mzima. Mengine nitayaeleza kwa utaratibu, nikiweza.

Kwanza ni hali ya nyumba. Tangu tulipoifunga mvua zilipoanza, mchwa wamepanda ukuta hadi kwenye nyasi za paa. Kuku wa jirani wametaga ndani ya kikapu chako cha dagaa wa omena, na sakafu imepasuka kila mahali. Nimefagia, nimechota maji, nimekanda udongo na samadi kama nilivyokuona ukifanya kila mwaka, lakini kazi yangu imekauka ikatoa nyufa siku ile ile. Ulikuwa ukitia kitu gani? Sikuwahi kuuliza. Nilidhani utakuwepo tu, miaka yote, ukipiga magoti na kunifukuza: "Toka hapo na viatu vyako vya ofisini!" Nami sina ofisi, unajua. Nina meza chini ya baraza la duka, ambapo watu huja niwaandikie barua kwa serikali.

Nimetandika mkeka. Upande wa ukutani ni wako. Siugusi.

Pili ni sababu ya barua hii. Wewe ni binti wa watu wa ziwani na unaijua desturi ya kwenu kuliko mimi niliyetoka Marachi. Mwanamume aliyefiwa hawi huru mpaka mkewe amjie ndotoni, aingie ndani, walale kwa namna ya mke na mume. Hapo ndipo hunyolewa, na milango ya watu humfungukia. Kabla ya hapo haingii nyumba ya mtu wala hashiki mtoto wake, kwa maana husemwa kwamba mtoto huyo atakonda na kudhoofika mpaka afe.

Nafula, hujaja.

Huko Marachi, tangu tulipokuzika, sikuota chochote. Nililala kama jiwe, nikaamka kama jiwe. Ndipo nilipofikiri kwamba huenda unanitafuta huku, kwa kuwa kila kiangazi ulikuwa huku. Ndiyo maana nimewahi kuteremka kabla ya watu wengine wanaokuja huku kila kiangazi.

Binti yetu Nabwire yuko kwa mama yako tangu mazishi. Juzi alinikuta njiani nikibeba nyasi za paa. Alipaza sauti, "Baba!" akaja mbio, mikono mbele. Nami, baba yake mzazi, nilitupa mzigo chini nikarudi nyuma hadi ndani ya shamba la mihogo la watu.

"Simama hapo hapo, mama," nikamwambia.

Alisimama. Akauliza, "Baba, mbona unanikimbia? Nimekosa nini?"

Mimi ninayejua kumwandikia Bwana DC mpaka barabara ikatengenezwa, niliinama nikaokota nyasi moja moja. Alilia, kisha akasahau kulia, akafungua kinywa ili nione kwa mbali kwamba meno yake ya mbele yameng'oka. Nilisema ni mazuri sana. Ningesema nini? Hakuna meno pale, kuna pengo tu, lakini nilisema ni mazuri sana.

Usidhani sijapewa ushauri. Salim mwenye duka huniuzia sukari kupitia dirishani, kwa kuwa mlango wake siwezi kuupita. Alinicheka: "Karani, sema umeota, mambo yaishe! Nani atakwenda kumuuliza marehemu?" Nilipomkatalia, akaegemea dirisha akasema, "Basi mwandikie. Serikali yenyewe inakujibu, mkeo ndiye atashindwa?" Alikuwa akitania. Alipoona sicheki, aliongeza sukari kwenye karatasi bila kuipima, akageuka kupanga sabuni.

Nimetii utani wake, kama unavyoona.

Sasa sikiliza lililotokea Jumapili. Nilijinyoosha baada ya ibada, jua likiwa bado juu, usingizi ukanichukua. Ukaja. Ulisimama mlangoni na kitambaa chako cha manjano, ukaniuliza chumvi iko wapi. Sikujibu kwa sababu nilikuwa ninakutazama. Ukangoja kidogo, ukakasirika kama unavyokasirika, ukaenda zako.

Niliinuka nikaenda mbio hadi kwa mama yako. Kwa adabu ya mkwe nilisimama nje ya ua, naye akakaa ndani ya ua akinipa mgongo.

"Mkwe, umemwona?"

"Nimemwona, mama."

Nilimsikia akisimama. Nikaona miguu ya Nabwire chini ya ua, imetulia kabisa.

"Aliingia?"

Nafula, neno moja tu lilihitajika. Ningesema ndiyo, na jioni ile ile mtoto angekuwa magotini pangu. Mimi ni msomaji wa Biblia kanisani. Sina hakika kwamba ninaiamini desturi hii hata nusu yake. Lakini siwezi kuipima kwa mwili wa mtoto. Kama ni uongo wa wazee, nitakuwa nimemkosa mtoto bure. Kama ni kweli, nami nikadanganya, nitakuwa nimemuua kwa kinywa changu.

Nikasema, "Hakuingia, mama. Aliuliza chumvi, akaenda."

Nilimsikia akiketi tena. Kisha akasema, "Basi bado, mwanangu. Rudi ukalale." Na nilipokwisha kugeuka, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi hanijii."

Kwa hiyo, mke wangu, ninakuletea ombi hili kwa unyenyekevu wote. Kama una kinyongo nami, kitaje, hata kwa kunipigia kelele. Kama njia imekupotea, ni nyumba ile ile, ya mwisho kabla ya matete, ijapokuwa ziwa limesogea. Kama ni mlango uliokuzuia, nimeung'oa. Jirani ananicheka kwamba fisi wataingia. Na waingie. Wewe pia ingia. Usisimame nje kama mgeni katika nyumba uliyoikandika kwa mikono yako.

Nimeandika maombi mengi ya watu kwa maneno mazuri. Hili halikubali kukaa sawa. Samahani kwa mahali ambapo wino umelowa.

Ninaahidi mbele za Mungu kwamba sitasema umekuja kabla hujaja, hata wakinicheka pwani kote, hata Nabwire akikua akinitazama kutoka ng'ambo ya ua. Lakini kesho asubuhi mama yako ataniuliza tena, na mtoto atakuwa nyuma yake akisikiliza. Nakusihi, usinifanye niseme "bado" mbele yake tena.

Watu wote huwaombea marehemu wapumzike kwa amani. Nami nakuombea hivyo hivyo, Nafula, lakini kuanzia kesho; usiku wa leo uje kwanza.

Ni mimi, mumeo,
Makokha