Nyonga ya Chuma Uliyotuachia

Bibi yangu,

Nimeolewa, nina raha mpaka naona haya, na nimekukasirikia. Nayasema yote matatu kwa mpigo mmoja kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungusha maneno.

Raha kwanza. Nimeolewa na Khalfan, yule fundi wa maabara ya chuo aliyekuja hospitali siku walipokutoa ile nyonga ya chuma, akasimama mlangoni kwa adabu, akaomba apewe akaichunguze. Unakumbuka ulivyomjibu? "Kimekaa ndani yangu miaka sita, wewe nnakuona leo mara ya kwanza, nikupe? Njoo nyumbani, ntafikiri." Akaja. Akaja kila Alkhamisi, na kila Alkhamisi wewe unafikiri, umelala kwa upande wako mmoja usiouma. "Kaja mchumba wangu," unaniambia, "mtilie kahawa." Nikamtilia. Ukafariki hujamjibu, naye, mwaka ulipopita, badala ya chuma akaniposa mimi. Majirani wa mtaani kwetu, Al Khuwair, hawajaacha kucheka kwamba alifuata nyonga akapata mjukuu.

Sasa Bibi, mtu anakufaje na jibu mdomoni?

Usidhani simpendi. Anavyocheka tu, mabega yanaanza, sauti inafuata baadaye, nami nasimama jikoni nimeshika mwiko nimesahau nilichokuwa nikikoroga. Shingoni nimevaa kipande cha titani, chuma cha aina ya nyonga yako, kidogo kama kifungo, zambarau inayokwenda kwenye buluu. Hakikupakwa rangi. Alikitumbukiza kwenye maji ya dawa akakitia umeme mpaka kikabadilika chenyewe. Dhahabu nimepewa kama wenzangu, lakini hiki ndicho nisichokivua.

Ila anachosha. Wiki ya kwanza ya ndoa tulikwenda ufukweni Qantab, sisi wawili na chupa ya chai. Bahari imetulia, nimevaa abaya mpya, akanishika mkono, nikajua sasa litatoka neno. Akasema, "Njoo uone." Akaniinamisha kwenye ubavu wa boti iliyovutwa mchangani, akanionyesha vigamba vya baharini vilivyong'ang'ania. "Hapa laini, havipo. Hapa pamekwaruzika, vimejaa. Ndiyo taabu yangu hiyo." Nikamwambia na mimi ninayo yangu, nimeolewa na boti.

Taabu yake naijua sasa kama ninavyojua pilau. Mfupa haushiki chuma laini. Unataka mikwaruzo na vitundu vya kujipenyeza, ndipo ukue mpaka viwe kitu kimoja. Lakini vijidudu navyo vinapataka hapo hapo, na vikiwahi vinajifunika utando wa utelezi ambao dawa haiupenyi. Kwa hiyo ni mbio za nani atafika mwanzo. Khalfan anakitafutia chuma ngozi: mikwaruzo midogo sana, juu yake chokaa kama ile ya mfupa, na ndani yake chembe za fedha, hii hii ya vikuku vyako, za kuulia vijidudu. Akitia kidogo, vijidudu vinaishi. Akizidisha, inaua na mbegu za mfupa. Akirudi kazini namuuliza, "Leo vipi?" Ananijibu, "Nimeua wote," na kwa uso wake najua ni wote, wema na wabaya.

Ndiyo maana alikililia chuma chako. Vipande vyake vya majaribio vinakaa chupani wiki mbili tatu. Chako kimekaa ndani ya mtu, na yote mawili yamo: juu, kwenye mikwaruzo, mfupa ulishika mpaka daktari akahangaika kukitoa, chini ndipo ulipoanza ule usaha uliokutesa, uliokuchukua hata baada ya kukitoa.

Alipokuwa mgeni aliweza kuomba. Alipokuwa mkwe, mdomo ukafungwa. Chuma alikuwa nacho Mama, kabatini, ndani ya kanga yako ya manjano, na Khalfan anaona mama mkwe haombwi hata chumvi. "Muulize wewe," ananiambia. Nikimuuliza Mama, "Kama anakitaka, ana mdomo." Narudi na jibu, "Aibu, Zuwena." Nimekuwa posta, Bibi, tena posta isiyo na barua.

Wiki iliyopita Mama akachoka kungoja. Akasema mfupa wa mama yake umo mle, na mfupa wa mtu unazikwa. Ijumaa Khalfan akipeleke makaburini kwako. Akanipa mimi. "Wewe kakioshe, kiende safi."

Nikakibeba mpaka nyumbani. Khalfan yuko kazini. Ningempigia simu, lakini nilishachoka kubeba maneno ya watu wawili wanaooneana haya, nikasema nitakiosha tu, basi. Nikakiosha ulivyonifundisha kusafisha sinia za shaba, kwa ukwaju, chumvi na brashi ngumu, saa nzima, nikilia na kukusemesha. Nilitaka kikuendee kinang'aa.

Khalfan akarudi, akakiona juu ya taulo mezani. Akakaa. Akakigeuza upande wa chini. Halafu akasema polepole, "Mabaki ya ule utando, kule chini. Ndiyo niliyokuwa nikiyangojea miaka yote hii."

Nikamkasirikia yeye kwa kutosema, Mama kwa kutotaka kumsikia, na wewe kuliko wote. Neno moja tu lilihitajika. Mpeni, au msimpe.

Akakipeleka dirishani na kioo chake cha kukuzia. Baada ya muda akaniita. Upande laini ulikuwa unang'aa kama kijiko. Kwenye mikwaruzo brashi yangu haikufika. Mfupa wako umo, mweupe, umegandia kama ukoko wa wali kwenye sufuria, na katikati yake vitundu vyeusi ambavyo saa nzima ya ukwaju haikuvigusa.

Hapo ndipo nikafahamu, Bibi. Mimi niliyekaa kando ya kitanda chako nikiwasema manesi kwamba hawakukusafisha kidonda sawasawa. Walikusafisha. Hakuna mkono unaofika kule vitunduni vijidudu vinakojificha. Nimewasema bure, na wewe ulinisikia na kuninyamazisha, nami nikadhani unawaonea huruma.

Nikamtia mume wangu garini na shati lake la kazi, na chuma na kioo mkononi, tukaenda kwa Mama. Nikamwambia, "Sema." Akasema huku ameangalia zulia, "Mama, nakiomba. Upande laini si kitu tena, lakini huu wa mfupa nataka nione ulishikaje, na kwenye vitundu kumebaki nini. Nikimaliza naurudisha, hata vumbi la msumeno."

Mama akatazama kwa kioo muda mrefu. Kisha akasema, "Mama yangu hakuwahi kuachia kitu alichokishika." Akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mpaka mwanangu akiharibu ndipo ujue kuomba?" Khalfan akatahayari mpaka masikio. Mama akamrudishia kioo chake. "Kachukue. Ila si chako, umeazima."

Kwa hiyo Ijumaa imepita na chuma chako hakijazikwa. Nakuandikia ili usikingoje. Jana alirudi akasema ameuona mfupa ulivyoingia, mpaka kwenye vitundu ambavyo hakutarajia, na kwamba kwenye chuma chake atapunguza vitundu vipana na kuzidisha vile vidogo. Alisema akila, mdomo umejaa, nami sikumkatiza. Sijui kama atafika. Yeye mwenyewe hajui.

Pumzika kwa ubavu wowote upendao, Bibi, maana sasa hakuna unaouma. Akimaliza, Khalfan atakuletea kila chembe ya mfupa wako, aifukie kando yako kwa mkono wake, kwa kuwa sisi wanawake huku hatuji makaburini. Itakuja ndani ya kanga yako ya manjano. Kanga nitaifua. Mfupa nakuahidi sitaugusa kwa brashi.

Mjukuu wako, na sasa mke mwenzio,
Zuwena